Kikasi cha Meza ya Sita

Mwanamke aliyelia kule Kansas alikuwa analipwa kulia.

Odessa Purcell hakulijua hilo mpaka alipokwisha kumkumbatia. Yalikuwa mafunzo ya uongozi kwa raia wanaofanya kazi jeshini, na darasa lilijaa watu wa maghala, wa bajeti na wa karakana kutoka kambi mbalimbali. Mwanamke yule aliingia uso umelowa, akasema bosi wake anamtishia kazi na hana pa kwenda. Wengine walibaki kutazamana. Odessa peke yake aliinuka, akamkumbatia, akaanza kumwombea kwa sauti.

"Haya, tusimame hapo," akasema mkufunzi.

Mwanamke akafuta machozi na kuomba maji ya kunywa. Alikuwa mwigizaji.

"Nani kauliza hata swali moja?" mkufunzi akauliza. "Nani kathibitisha lolote kabla ya kutenda?"

Darasa likacheka. Halikucheka kwa ubaya, lakini Odessa alikisikia kicheko hicho ndani ya ndege njia nzima ya kurudi North Carolina.

Baada ya siku ile, kule kule mafunzoni, vilikuja vituko vingine: simu ya mwandishi wa habari ambaye hakuwa mwandishi, na ghala lililodaiwa kuungua. Odessa hakunaswa tena. Alijifunza kutazama mikono ya watu, kuona nani anaangalia saa yake na nani ametulia kupita kiasi. Alirudi kazini na cheti, na tabia mpya ya kutoamini kitu kwa mara ya kwanza.

Chumba chao kilikunja parachuti za akiba. Hiyo ndiyo ile ya kifuani, ambayo askari huivuta pale ya mgongoni inapomkataa. Meza ndefu zilipangwa kama mabenchi ya kanisa, na waliosimama kando yake walikuwa raia, wengi wao wanawake wa makamo, waliokunja tangu makoplo wa leo walipokuwa shule ya msingi. Kila mmoja alikuwa na muhuri wake, koleo dogo la chuma alilotembea nalo, lenye alama isiyofanana na ya mwingine. Ukimaliza kukunja, unaubana muhuri kwenye kipande cha risasi, ile metali laini inayofunga uzi wa parachuti, na kuanzia hapo roho ya mtu iko juu ya jina lako.

Bwana Burgin, msimamizi wa chumba, alikuwa anastaafu. Miaka yote kiti chake kilikaliwa na sajenti mstaafu aliyeletwa kutoka nje. Safari hii kambi ilisema itamjaribu mtu wa mezani. Odessa angekiongoza chumba mwezi mzima kama sehemu ya mwisho ya mafunzo yake, na Chifu Stancil, afisa mteule aliyesimamia jengo zima, angemtazama na kuandika ripoti. Ripoti ikiwa nzuri, kiti ni chake. Ikiwa mbaya, anarudi mezani na sajenti mwingine anakuja.

Delphine Locklear naye aliomba nafasi hiyo. Yeye na Odessa walikuwa wamekula chakula cha mchana pamoja kwa muda mrefu kuliko ndoa ya kwanza ya Odessa. Delphine alitoka kaunti ya chini, kwa Walumbee, wenyeji wa asili wa huko, na kila wiki alileta mikate ya mahindi ya kukaanga iliyobana sukuma wiki na kipande cha nyama ya nguruwe. Mmoja ulikuwa wake, mmoja wa Odessa. Orodha ya majina ilipotoka na lake halimo, alisema, "Hongera, dada," akaendelea kutafuna. Odessa aliliamini neno hilo wakati ule. Baada ya Kansas alianza kulikumbuka upya, akijiuliza kwa nini Delphine hakumtazama usoni aliposema.

"Siku hizi unanitazama kama polisi wa barabarani," Delphine alimwambia wiki ya pili.

"Nakutazama kama kawaida."

"Kawaida yako ilikuwa kunitazama mkate."

Hubert Gaddy, mzee wa meza ya pili, akadakia, "Mwache bosi. Amesomea kututazama. Kodi zetu hizo."

Wakacheka, na Odessa akacheka nao, huku akihesabu nani amecheka zaidi.

*

Alhamisi ya wiki ya tatu, kambi ilikuwa na wageni. Siku iliyofuata askari wangeruka mbele ya majenerali wa nchi nyingine na wake zao, na chumba kilitakiwa kutoa parachuti nyingi kuliko kawaida. Saa tisa mchana sajenti Rizzo, dereva, alirudisha lori kinyumenyume mpaka mlangoni na kuliacha likinguruma.

"Nipeni zilizo tayari," alisema. "Kule uwanja wa ndege wananipigia simu kila dakika."

"Hatujahesabu vifaa," Odessa alimjibu.

Hesabu ilikuwa sheria ya chumba. Kila meza ilikuwa na ubao wake, na juu ya ubao kila kifaa kilichorwa umbo lake kwa rangi nyeusi: ndoano, sindano, kikasi cha kukatia nyuzi. Parachuti haitoki mpaka kila umbo jeusi liwe limefunikwa na kifaa chake.

"Mtahesabu jioni, mama," Rizzo akasema. "Hizi zimeshapigwa muhuri. Ama nimwambie kanali anisubiri mpaka akina mama wahesabu mikasi?"

Chifu Stancil alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yake na kikombe cha kahawa. Hakusema kitu. Odessa alimtazama, akaona ukimya ule kama ruhusa.

"Pakia," alisema.

Lori likaondoka na nusu ya kazi ya mchana.

Jioni kengele ilipolia, watu walirudisha vifaa kwenye mbao zao na kunyoosha migongo. Odessa alipita meza baada ya meza. Meza ya sita alisimama. Umbo la kikasi lilikuwa tupu.

Ilikuwa meza ya Delphine.

"Delphine, kikasi."

Delphine alipapasa mifuko ya aproni, akainama chini ya meza, akainuka uso umebadilika rangi. "Kilikuwa hapa. Nilikitumia baada ya chakula."

"Fungeni mlango," Odessa akasema.

Walitafuta. Walitambaa sakafuni na tochi, wakamwaga mapipa ya taka, wakageuza aproni, wakavua hata viatu. Hubert alilalamika kwamba ameahidiwa samaki wa kukaanga nyumbani na sasa atampata amelala. Hakuna aliyecheka. Kikasi kile kilikuwa na ncha kama sindano. Kikikunjwa ndani ya kitambaa, kitambaa kitatoka kwenye mfuko wake kimechanika, mbele ya uso wa mtu asiye na parachuti nyingine.

Odessa alitafuta kama wengine, lakini macho yake yalikuwa kwa Chifu Stancil. Chifu alikuwa ametoka ofisini, ameegemea nguzo, mikono ameikunja. Hakuinama kutafuta. Mara moja alitazama saa yake. Mara nyingine aliingia ofisini, akafunga mlango wa kioo, akazungumza kwenye simu kwa kifupi, akarudi na kuegemea nguzo ile ile.

Ametulia kupita kiasi, Odessa akawaza.

Kisha vipande vikaanza kuungana vyenyewe. Wageni kesho. Lori la haraka. Kifaa kimoja tu, meza ya mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyekosa nafasi. Kule Kansas waliambiwa kwamba wakufunzi huongea na wakubwa wa kambi, kwamba mafunzo hayaishii darasani. Odessa akahisi moyo wake unatulia kwa mara ya kwanza tangu aone lile umbo tupu. Kikasi kipo mfukoni mwa Chifu, akajiambia. Na Delphine anajua.

Basi alijua pia jibu wanalolitaka. Akasimama katikati ya chumba, akainua sauti.

"Zote zilizokunjwa tangu hesabu ya kabla ya chakula zifunguliwe. Zote zilizomo humu."

Akanyamaza, akasubiri. Alisubiri makofi. Alisubiri Chifu aseme, haya, tusimame hapo.

Chifu hakusogea.

"Mmesikia," Hubert akaguna, na watu wakarudi mezani, wakaanza kukata mihuri. Vitambaa vilifyatuka kwa mishindo, kimoja baada ya kingine, vikajaa juu ya meza kama mashuka ya hospitali. Kazi ya mchana mzima ikaharibika mbele yake. Odessa akaona wanazidisha. Mpaka lini? Wataiendeleza mpaka lini?

Kitambaa cha mwisho kilifunguliwa. Hakikuwa na kitu.

Ndipo Delphine akasema, "Na lori?"

Aliuliza bila kupaza sauti, lakini chumba kizima kilisikia. Odessa akamgeukia.

"Lori limefanya nini?"

"Lori, Odessa. Mzigo wa saa tisa. Kazi yangu nyingi imo humo."

"Nani kakupa hayo maneno?"

"Maneno gani?"

"Hayo ya lori. Nani kakwambia uyaseme sasa hivi, baada ya yote kufunguliwa? Chifu?"

Delphine alimkazia macho. "Unaumwa?"

"Naona vizuri kabisa. Uliitaka nafasi hii, hukuipata, na sasa umekubali kuniigizia kama yule wa Kansas. Lia, basi! Lieni wote!"

"Jamani, jamani," Hubert akasema, akaketi juu ya pipa.

Delphine hakulia. Alivua miwani yake, akaifuta kwa aproni taratibu, akaivaa. "Odessa Purcell," alisema, "mimi siigizi. Kikasi changu hakipo sakafuni, hakipo kwenye taka, hakipo kwenye hizi. Pamebaki mahali pamoja tu. Wewe ndiwe uliyesema pakia."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Odessa kama maji baridi. Akamwendea Chifu mbele ya watu wote.

"Chifu, niambie kweli. Huu ni mtihani?"

Chifu Stancil alikuna kidevu. "Ukiwa mtihani utafanya nini, na usipokuwa mtihani utafanya nini?"

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililonalo, Bi Odessa."

*

Nyuma ya chumba kulikuwa na mnara wa kuanikia, mrefu kama mnara wa kanisa, ambamo parachuti zilizolowa zilining'inizwa kutoka juu mpaka karibu na sakafu. Odessa aliingia humo, akafunga mlango. Hapakuwa na mtu. Vitambaa vyeupe vilining'inia kimya pande zote. Hapo ndipo alipozoea kuomba, kwa kuwa hapakuwa na masikio ila ya Mungu.

Akapiga magoti kwenye saruji.

"Bwana," alisema, "nakuomba. Naomba iwe ni mtihani. Fanya kikasi kiwe mfukoni mwa Chifu. Fanya Delphine awe ananidanganya. Fanya..."

Akakomea hapo. Alisikia sauti yake mwenyewe inapanda kwenye vitambaa na kupotea huko juu. Alikuwa anamwomba Mungu amfanye rafiki yake mwongo. Alikuwa anaomba hivyo kwa sababu, Delphine akiwa mwongo, lile neno "pakia" halikuwa na uzito. Kikasi kikiwa mfukoni mwa Chifu, hakuna aliyeuachia mzigo usiohesabiwa. Lakini kikiwa pengine, aliyeuachia ni yeye, na kosa hilo likijulikana, kiti kimekwenda.

Sala hiyo hakuimaliza. Alikaa magotini bila maneno mpaka magoti yakauma. Hakusikia sauti yoyote. Hakuona ishara. Alichokipata ni kitu kidogo tu, nacho kilimtosha: hata kama wote mle ndani wanaigiza, kesho alfajiri watakaopanda ndege si waigizaji.

Akainuka, akapangusa vumbi, akaenda moja kwa moja kwenye simu ya ukutani.

"Uwanja," ikajibu sauti ya kijana.

"Naitwa Odessa Purcell. Naongoza chumba cha kukunjia parachuti za akiba. Mzigo nilioutoa saa tisa sikuuhesabia vifaa. Nimepoteza kikasi. Kosa ni langu, si la dereva. Naomba mzigo wote urudi, na mwambieni kanali kwamba kesho asirushe mtu na parachuti hata moja kati ya hizo."

Delphine alikuwa amesimama kando ya meza ya sita, mkono juu ya ubao.

"Sawa, mama," kijana akasema. "Lakini sisi tumeshaambiwa tusiuguse. Upo kwenye lori vile vile ulivyokuja."

"Mmeambiwa na nani?"

"Na Chifu Stancil. Amepiga muda sasa."

Odessa akarudisha simu mahali pake. Alimtazama Chifu, na Chifu, kwa mara ya kwanza jioni ile, akatazama pembeni.

"Ulishausimamisha," alisema.

"Nisingeacha watu waruke nazo," Chifu akajibu. "Kikasi kimepotea kweli, Bi Odessa. Sikukificha mimi. Kilipokosekana tu, nilipiga simu."

"Na nilipokuuliza?"

"Maelekezo ya mafunzo yanasema msimamizi asimsaidie anayefunzwa. Nilitaka kuona kama utafika mwenyewe."

"Sikuomba msaada, Chifu. Niliuliza swali."

Hubert alikohoa kutoka juu ya pipa lake. "Mimi nimesimama miaka hii yote kwenye meza za jeshi," alisema bila kumtazama mtu, "na bado sijui lini tunafanya kazi na lini tunachezewa."

*

Lori lilirudi. Rizzo alishusha mzigo bila utani hata mmoja. Odessa akavua koti lake la ofisini, akakunja mikono ya shati, akashika parachuti ya kwanza. Delphine akamzuia.

"Zenye muhuri wangu nifungue mwenyewe."

"Delphine, si lazima."

"Ni lazima. Ondoka mbele yangu."

Alizitenga zake, akazifungua moja moja. Alikata muhuri wa risasi, akavuta mpini, kitambaa kikafyatuka, akakipapasa kote, akakisogeza pembeni. Akakata nyingine. Wengine walikuwa wakifungua pia, lakini polepole, kama watu wanaosubiri.

Kilianguka kwenye parachuti yake ya nne. Kilidondoka kutoka kwenye mkunjo, kikagonga sakafu na kuzunguka kidogo kabla ya kutulia. Kitambaa kilikuwa na tundu ambalo mtu angeweza kupitisha ngumi.

Delphine alikiokota. Akakipeleka mpaka ubaoni na kukitundika juu ya umbo lake jeusi. Kisha akasimama akilitazama umbo lililofunikwa, mgongo kwa watu wote.

"Ulijua," Odessa akasema nyuma yake.

"Niliogopa. Si sawa na kujua." Delphine akageuka. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Tangu uliponiuliza kikasi niliogopa kipo humo. Nikajiambia, ngoja watafute sakafuni. Ngoja wafungue zilizomo humu. Mwishowe sikuwa na pa kungoja tena."

Angeweza kunyamaza. Odessa alilifikiria hilo huku damu ikimpanda usoni. Mtu pekee mle ndani ambaye lori lile lingemgharimu muhuri wake ndiye aliyelitaja, na yeye alimjibu kwa kumwita mwigizaji mbele ya wenzake.

Sheria ilijulikana kwa kila mtu. Kifaa kikikutwa ndani ya parachuti, mwenye muhuri anaondolewa mezani mpaka apimwe upya kuanzia mwanzo, kama mgeni. Na anayeuchukua muhuri ni kiongozi wa chumba, kwa mkono wake.

Odessa alinyoosha mkono.

Delphine akatoa koleo lake mfukoni, lililong'aa kwa kushikwa, akaliweka kwenye kiganja kile. "Chukua, bosi," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo hata kwa utani.

Odessa akaenda kwenye sanduku la chuma lililokuwa mlangoni mwa ofisi, akaliweka humo. Kisha akatoa muhuri wake mwenyewe, akauweka juu ya ule wa Delphine, akafunga kifuniko.

"Huo wa nini?" Chifu akauliza. "Kilichokutwa si chako."

"Aliyetoa mzigo bila hesabu ni mimi. Andika hivyo. Naye aliyetaja lori ni Delphine Locklear. Andika hilo pia, na uliandike kwanza."

"Nikiandika hivyo, kiti cha Burgin kitakuwa kigumu kukupa."

Odessa alimtazama kwa makini, kama alivyofundishwa, mikono, macho, saa. Hakuona kitu. Huenda alisema ukweli, huenda alikuwa akimpima tena. Akagundua kwamba hakuwa na haja ya kujua.

"Andika," akasema.

*

Nje, eneo la magari lilikuwa limebaki na magari machache. Delphine alikuwa amekaa kwenye pikapu yake, mlango wazi, hajawasha. Odessa alisimama hatua kadhaa mbali naye.

"Nilikosea kwako," alisema. "Mbele ya watu. Nitasema hivyo mbele ya watu kesho asubuhi."

"Utasema."

"Niliomba kule mnarani uwe mwongo."

Delphine akamgeukia polepole. "Uliomba nini?"

"Umesikia."

Delphine akatikisa kichwa, akatoa sauti fulani puani ambayo siku nyingine ingekuwa kicheko. "Mungu naye anasikia mambo," alisema. Akavuta mlango, akashusha kioo. "Kesho ni siku ya mkate wa sukuma."

"Najua."

"Nitaleta wangu." Akawasha gari. "Wako sijui. Usinisubiri mezani."

Odessa alibaki amesimama mpaka taa za pikapu zilipokata kona ya geti. Kesho yake saa ya chakula hakwenda kwenye ile meza yao. Alikaa kwenye benchi la mlangoni, mahali ambapo Delphine angemwona kama angetaka, na hakumtazama mtu mikono.